Je, Yafaa Kujifunza Kichina? Tuliyoyaona Ruponda



Kabla ya msimu kuanza, kamati yetu ililetewa barua na mwanachama mwenzetu mmoja akiomba Chama kimsaidie binti yake kwa fedha za mfuko wa elimu. Barua za namna hii si ngeni kwetu. Tumekwisha kusoma za uuguzi, za ualimu, za ufundi wa umeme na za uhasibu, na zote twajua zatupeleka wapi. Lakini hii ilitusimamisha. Binti huyo, aliyemaliza kidato cha nne, ataka kwenda kusoma lugha ya Kichina.

Kamati iligawanyika pande mbili. Mzee mmoja alisema kwa uwazi: "Fedha hii imepandiwa mti juu. Wako watu wamevunjika miguu kwa ajili yake. Leo tuichukue tukanunulie maneno ya watu wa mbali?" Mwingine akamjibu: "Kiingereza nacho kilikuwa maneno ya watu wa mbali, Sheikh wangu, na leo huna mkataba usioandikwa kwacho." Majadiliano yakawa marefu mpaka adhana ya alasiri ikatukuta hapo hapo. Bwana Mwenyekiti akaamua jambo hili liahirishwe, lipelekwe mbele ya Mkutano Mkuu, na Katibu alichunguze kisha aliandikie katika gazeti letu ili kila mwanachama aje na rai yake. Ndiyo sababu ya makala haya.

Ikasadifu kwamba wakati huo huo tulikuwa tumekwisha kutumwa, sisi na wanachama wawili, twende Nachingwea, mkoa wa Lindi, tukatazame jinsi wakulima wa huko wanavyouza mazao yao kwa stakabadhi ghalani. Hatukwenda kwa ajili ya Kichina. Lakini jibu tulilolitafuta visiwani tulikwenda kulikuta Ruponda.

SAFARI YETU

Tulivuka bahari hadi Dar es Salaam, na alfajiri tukashika barabara ya kusini. Tulipita Nangurukuru, penye njia panda ya kwenda Kilwa, tukafika Lindi, na kutoka hapo tukaipa bahari mgongo. Ruponda ni kata katika wilaya ya Nachingwea, nayo wilaya ya Ruangwa i jirani. Mtu wa kisiwani afikapo huko hushangazwa kwanza na upana wa nchi: huna pa kutazama ukaona mwisho. Mikorosho imesimama safu kwa safu, na mahali penye uwazi pamelimwa ufuta.

Ufuta ukikaribia kukauka hukatwa, ukafungwa vitita, na vitita vikasimamishwa vikiegemeana mpaka maganda ya mbegu yapasuke. Hapo hugeuzwa kichwa chini na kukung'utwa. Mkulima akichelewa, mbegu humwagika shambani. Akiharakisha, huvuna zisizokomaa. Tulitazamana tukacheka, kwani ni karafuu ile ile: ukiiacha mtini siku chache ikachanua, daraja imekwenda.

Mkulima hupeleka ufuta wake katika chama chake cha msingi, ukapimwa, naye akapewa stakabadhi, na mzigo ukahifadhiwa ghalani. Wanunuzi hushindana kwa mnada, bei husomwa hadharani, na wakulima wenyewe ndio wakubalio au wakataao. Tangu mwaka 2024 minada ya ufuta imepitishwa katika soko la bidhaa liendeshwalo kwa kompyuta. Mambo haya tutayaeleza kwa urefu katika toleo lijalo, Insha Allah. Leo twataka kusimulia yaliyotokea baada ya kazi, tulipoketi chini ya mkorosho pamoja na mzee mmoja mkulima, mwenyeji wetu.

Tulimwuliza: "Mzee wetu, ufuta huu ukitoka hapa unakwenda wapi?"

"Unakwenda kwa Wachina."

"Nao wanaufanyia nini?"

Mzee alitutazama, akatabasamu. "Wanangu, nimelima ufuta tangu ndevu zangu nyeusi. Hilo hajapata mtu kuniuliza, wala mimi sijapata kumwuliza mtu."

Tulinyamaza, kwani tulijua kwamba sisi nasi tungeulizwa vivyo hivyo juu ya karafuu, wengi wetu wangejibu kama yeye.

Kwa hakika ufuta ni chakula cha kila siku huko Uchina. Hukaangwa ukakamuliwa mafuta yenye harufu kali, ya kukolezea mchuzi. Husagwa ukawa kama uji mzito wa kuchanganyia tambi. Hunyunyizwa juu ya mikate, na hutiwa ndani ya vitu vitamu. Wachina nao hulima ufuta wao, lakini hauwatoshi, na kwa hiyo nchi yao ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wao. Atakaye mafuta hutazama wingi wa mafuta katika mbegu. Atakaye kunyunyizia mkate hutazama weupe na usafi. Haya ni mambo mepesi kuyajua, lakini hayamfikii mkulima, kwa kuwa husemwa kwa lugha asiyoisikia.

MKONO WA KUSHOTO

Ndipo mzee akatupa kisa. Misimu kadhaa nyuma, alifika ghalani mgeni mmoja wa Kichina pamoja na mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa mkalimani wake. Wazee walimkaribisha kwa heshima, na mwenyeji wetu mwenyewe akachota ufuta kidogo ampe autazame. Mgeni akanyosha mkono wa kushoto akapokea. Akapuliza. Akatia chembe kinywani, akatafuna, akasema maneno mawili matatu, akacheka, na uliobaki akaurudisha guniani.

Wazee wakajiona wamedharauliwa mara tatu: kwa mkono wa kushoto, kwa pumzi, na kwa kicheko. Mkalimani alipoulizwa mgeni kasema nini, alijibu: "Anasema bei yenu ni kubwa." Vijana wakaanza kupaza sauti kwamba mgeni aondoke na gunia lake tupu.

Palikuwapo hapo mjukuu wa mzee, kijana aliyepata kufanya kazi miaka minne katika duka la Wachina huko Kariakoo. Yeye aliyasikia maneno ya mgeni kwa masikio yake. Akasogea, akamwamkia mgeni kwa Kichina, wakazungumza kitambo. Kisha akawageukia wazee akawaeleza. Mkono wa kushoto kwa watu wale si mkono wa aibu. Aliunyosha kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika mkoba. Hakuwacheka wazee. Alicheka kwa sababu mchanga ulilia katika meno yake. Na alichosema si kwamba bei ni kubwa. Alisema: "Ufuta huu ni mzuri, lakini una mchanga."

Wanachama wenzetu, tafadhali lipimeni jambo hili. Bei na mchanga ni vitu viwili mbalimbali. Mkulima aambiwaye kuwa bei yake ni kubwa hujibu kwa kuipunguza. Aambiwaye kuwa ufuta wake una mchanga hujibu kwa kununua turubai. Wazee wale walinunua turubai. Msimu uliofuata hawakukung'uta tena juu ya ardhi tupu, na kwa habari ya mchanga hawajasikia neno tena.

"Tangu siku hiyo," alisema mzee, "nimejua kuwa mizani ni mbili: ya chuma, na ya ulimi. Ya chuma tunaisimamia sote, hatubanduki. Ya ulimi tulimwachia mtu mwingine."

NACHINGWEA IMEYAONA

Nchi ile haikuanza leo kuona wageni. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kwenda bara. Waliokuja walikuwa na fedha na mitambo, lakini hawakujifunza udongo wala mvua ya nchi, wala hawakuwauliza wenye nchi. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa zaidi ya paundi milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Mpaka leo Nachingwea iko kata iitwayo Stesheni, na reli hakuna.

Baadaye, katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao huko huko Nachingwea, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakufunzi wa Kichina walifika kuwafundisha. Na sasa, jirani yao Ruangwa, yamepatikana madini ya kinywe, yatumiwayo katika betri. Na Uchina ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kuyasafisha madini hayo. Basi mtu wa Ruponda akutane na Mchina asikutane naye si jambo la kuchagua. La kuchagua ni kama atakutana naye akiwa na ulimi au bila ulimi.

UCHINA NA PWANI YETU

Wako wasemao kwamba Uchina ni mambo mapya, ya msimu, yatapita. Hayo si kweli. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vimefukuliwa vigae vingi vya vyombo vya Kichina, vilivyofika kabla ya Mreno kuijua bahari hii. Katika kisiwa cha Unguja, huko Kajengwa karibu na Makunduchi, mwaka 1945 ilipatikana hazina ya sarafu za Kichina, nyingi katika hizo za enzi ya Song. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina, na baada yake majahazi makubwa ya amiri Zheng He yalifika katika pwani hii. Hata neno letu "chai" asili yake ni Kichina, ingawa limetufikia kwa kupitia midomo mingine.

Katika zama zetu, Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964, na tangu hapo jimbo la Jiangsu limekuwa likileta kundi baada ya kundi, Unguja na Pemba. Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa Uchina ikafunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2017 wataalamu wa Jiangsu walianza Pemba kazi ya kupambana na kichocho, wakitafuta makonokono katika mabwawa pamoja na watu wetu. Reli ya TAZARA ilijengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, na vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Dk. Salim Ahmed Salim, mwana wa visiwa hivi, alikuwa balozi wetu huko mwaka 1969, na mwaka 2019 Serikali ya Uchina ikamtunukia nishani ya urafiki.

Sasa tazameni upande wa pili. Wachina walianza kufundisha Kiswahili katika vyuo vyao vikuu miaka ya 1960. Hawakungoja biashara ikue ndipo wajifunze, walijifunza kwanza. Mwaka 2011 TBC ilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa Kiswahili, "Doudou na Mama Wakwe Zake", na majumbani mwetu watu walicheka na kulia na mkaza mwana yule kama kwamba ni wa mtaani. Mwenzetu amekwisha kuingia ukumbini kwetu, amevua viatu, ameketi. Sisi bado tunamsemesha kwa kupitia dirishani.

HOJA ZA WANAOPINGA

Tumeahidi kuchunguza kwa haki, na kwa hiyo yatupasa kuzitaja hoja za upande wa pili bila kuzipunguza.

Hoja ya kwanza ni nzito. Yasemwa kwamba karafuu yetu haiwahusu sana Wachina. Ni kweli. Nchi itumiayo karafuu nyingi kuliko zote ni Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku katika sigara zao. Na India nayo ni mnunuzi wa tangu zamani. Mchina hutia karafuu katika unga wake wa viungo vitano, na waganga wake huitumia kwa kwikwi na tumbo la baridi, lakini hayo hayafikii sigara za Indonesia. Basi mtu akituuliza ni lugha gani yaweza kumfaa mkulima wa karafuu mapema zaidi, hatutamficha: pengine ni Kiindonesia, nacho ni chepesi zaidi, huandikwa kwa herufi zetu hizi. Lakini hakuna mtoto aliyetuletea barua ya Kiindonesia. Aliyeleta barua ni huyu wa Kichina. Na tusisahau kwamba mkulima ni muuzaji mara moja kwa mwaka, lakini ni mnunuzi kila siku. Turubai, bomba la kunyunyizia dawa, pikipiki, taa ya jua na simu, vyatoka wapi? Uchina ndiyo nchi inayotuuzia bidhaa nyingi kuliko nyingine yoyote.

Hoja ya pili ni kwamba siku hizi simu hufasiri yenyewe. Hapa hatuna budi kutoboa jambo ambalo wanachama wengi walilisikia kwa uvumi tu. Mashine yetu ya kukaushia karafuu, tuliyoinunua kwa muuzaji mmoja wa mjini, haikuharibika kwa bahati mbaya. Ilipofika ilikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kichina kitupu. Muuzaji hakutufasiria, na sisi hatukumwuliza. Mvua ilipotushika katikati ya uchumaji, tuliiwasha tangu magharibi mpaka asubuhi, usiku baada ya usiku, ikaungua. Karatasi ile ilikuwa imetiwa katika dirisha la ghala kuzuia upepo. Binti wa barua hii ndiye aliyeitoa dirishani. Wakati huo alikuwa akijifundisha mwenyewe nyumbani kwa kitabu na kamusi, na ilimchukua wiki nzima kuusoma ukurasa mmoja. Ulisema kwamba mashine isiwashwe zaidi ya saa 4 bila kupumzishwa.

Mtu atasema: "Mngeipiga picha kwa simu, ingewafasiria." Naam, tungeweza. Lakini hatukufanya, na aibu hiyo ni yetu. Simu humjibu aulizaye. Haimwambii mtu kwamba lipo swali la kuulizwa. Binti yule aliiona karatasi kuwa ni maneno. Sisi tuliiona kuwa ni kizibo. Na hata kama simu ya mzee wa Ruponda ingefasiri neno la mchanga, isingemweleza habari ya mkono wa kushoto.

Hoja ya tatu ni ya dini na mila. Wazazi wengine wachelea kwamba mtoto akijifunza utamaduni wa watu atapoteza wake. Na upande wa pili wapo waletao msemo mashuhuri wa kutafuta elimu hata ikiwa ni Uchina, wakiutaja kuwa hadithi ya Mtume (S.A.W.). Sisi tuliopitia chuoni yatupasa tuseme kweli hata ikitupunguzia hoja: wanavyuoni wengi wa hadithi wameuhesabu upokezi wake kuwa dhaifu, na wengine wameukataa kabisa. Tusiuegemee. Wajibu wa kutafuta elimu una dalili nyingine zilizo imara. Ama khofu ya mila, kujua desturi ya mtu si kuifuata. Uchina yenyewe ina Waislamu tangu karne nyingi, wenye misikiti yao katika Guangzhou na Xi'an, na huyo Zheng He alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu. Tena mwenye kuijua lugha ndiye awezaye kuuliza nyama hii ni ya nini. Asiyeijua hula au hulala na njaa.

KAZI YENYEWE

Asije mtu akadhani kwamba lugha hii huokotwa njiani. Kichina cha Beijing kina sauti nne za kupandisha na kushusha, na neno moja hugeuka maana kwa kugeuka sauti. "Ma" kwa sauti moja ni mama, kama kwetu. Kwa nyingine ni katani, kwa nyingine ni farasi, na kwa nyingine ni kutukana. Kuandika kwake hakuna alifu wala bee; kila silabi ya neno huandikwa kwa umbo lake, na mtu atakaye kusoma gazeti bila taabu ahitaji kujua maumbo kama 3,000. Mtihani wao uitwao HSK, kwa ngazi zake za zamani, ulitaka maneno 1,200 katika ngazi ya nne na maneno 5,000 katika ya sita. Upande wa wepesi, kitenzi chake hakibadiliki kwa mtu wala kwa wakati, na mzigo wa ngeli kama zetu hakuna.

Mahali pa kusomea papo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vilifunguliwa Taasisi za Confucius mwaka 2013, na baadhi ya skuli za sekondari za bara zafundisha Kichina. Lakini wako vijana waliojifunza salamu na kuhesabu mpaka kumi, wakapewa cheti, wakarudi nyumbani kungoja kazi ambayo haikuja. Lugha peke yake ni kikapu kitupu. Yule kijana wa Ruponda hakuwasaidia wazee wake kwa sababu alijua Kichina tu. Aliwasaidia kwa sababu alijua Kichina na alijua ufuta. Angejua kimoja bila cha pili, asingelitambua kosa la mkalimani.

RAI YETU

Basi twajibuje? Twaona kwamba kujifunza Kichina na desturi za Wachina kwafaa, lakini si kwa kila mtoto, wala si kwa kila namna. Hatuna haja ya vijana mia wenye salamu. Tunahitaji mmoja au wawili watakaokijua barabara, wenye kazi mkononi, na wenye kutujua sisi.

Kwa hiyo katika Mkutano Mkuu tutaiunga mkono barua ya mwanachama mwenzetu kwa masharti matatu. Kwanza, binti asome lugha pamoja na fani ya biashara au ya ubora wa mazao, asisome lugha peke yake. Pili, amalizapo, aitumikie ofisi yetu misimu miwili, na kila mashine na kila mkataba wenye neno la Kichina upite mkononi mwake kabla fedha haijatoka. Tatu, aliandikie gazeti hili mara kwa mara, atueleze wanunuzi wa viungo huko wanafanya nini na karafuu, wanaitazama vipi, na wanaikataa kwa sababu gani. Na kama yuko mzazi mwenye mtoto apendaye Kiindonesia, tafadhali asichelewe kutuletea barua.

Tulipomrudia baba yake binti tukamweleza masharti haya, aliyakubali, akamwita mwenyewe. Alikuja akatuamkia, akakaa kando kwa adabu. Tulimwuliza: "Je, mwanetu, Wachina karafuu huiitaje?" Akachukua kalamu, akachora mstari wa kulala, na chini yake mstari wa kusimama wenye ndoano kidogo mwishoni. "Hii husomwa 'ding', maana yake ni msumari," alisema. "Ya pili husomwa 'xiang', ni harufu nzuri. Karafuu ni msumari wenye harufu nzuri."

Yule mzee wa kamati aliyezungumza habari za miguu iliyovunjika alikuwapo pamoja nasi. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa karafuu kavu moja, akailaza juu ya ule mchoro. Zililingana, kichwa kwa kichwa. Hakusema kwamba amebadili rai yake, nasi hatumsemei. Lakini aliomba karatasi ile abaki nayo.

Mkutano Mkuu utakuwa ndio wenye neno la mwisho. Njooni nyote.

Wasalaam,
Katibu wa Chama